Ekseli ya Bu Rashid

Oili ikishaingia kwenye kapeti haitoki, hata uisugue kwa sabuni na machozi. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, sebule yetu ya Muaither, kando ya Doha, ilinuka oili, kutu na mpira wa zamani kwa karibu wiki mbili, kwa sababu kila jioni baba aliingiza ndani pikipiki kuukuu, akaiegesha kando ya friji chini ya kiyoyozi, na kila asubuhi akaitoa nje tena. Tulikaa vyumba viwili vya nyuma katika nyumba kubwa iliyogawanywa kwa kuta za mbao, na sebule hiyo hiyo ndiyo ilikuwa chumba changu cha kulala. Kwa hiyo nililala na pikipiki. Tangi lake lilikuwa la kijani, limebabuka mbavuni, na chuma kilipoanza kupoa kilitoa milio midogo, ka, ka, ka, nami nikiwa chini ya blanketi nikaona kama kinanisengenya.

Mama alikuwa muuguzi. Mimi na yeye tulitangulia Doha. Baba, fundi wa pikipiki kutoka Nakuru, alitufuata miaka mitatu baadaye kwa viza ya familia, na viza hiyo haikumruhusu kufanya kazi. Kwa miezi tisa alipika, alifua, alinisindikiza hadi kwenye basi la shule. Wanaume wa kanisani walimtania, "Baba Chebet, leo umetupikia nini?" Alicheka pamoja nao, lakini akifika nyumbani alizitoa spana zake kwenye mfuko na kuzing'arisha, spana ambazo hazikuwa na uchafu wowote. Jioni moja nilimsikia akimwambia mama kwamba ameshindwa, kwamba anarudi nyumbani kabla hajasahau kazi ya mikono yake, na kwamba tiketi ni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mama alilia bila sauti. Mimi nilijifanya nimelala. Nilimpenda baba kwa uchoyo, nasema kweli. Ile miaka mitatu niliyokaa bila yeye ilikuwa imenitosha.

Ndipo akaja Bu Rashid. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mzee mwembamba, mchache wa maneno, aliyeishi upande wa mbele na kumiliki gereji kubwa kule kwenye eneo la viwanda. Pikipiki ilikuwa ya marehemu ndugu yake. Beringi za gurudumu la nyuma zilikuwa zimekufa, na gurudumu lenyewe lilikataa kutoka, kwa kuwa ekseli, yaani kile chuma kinene kama kidole gumba kinachopita katikati ya gurudumu na kulishika kwenye fremu, ilikuwa imeshikana kwa kutu ya miaka mingi. Mafundi wake mwenyewe walishindwa. Wa mwisho aliwasha grenda ili aikate, mzee akamnyang'anya pikipiki palepale. Sasa alisimama mlangoni kwetu na kuzungumza na baba kupitia kwangu, maana Kiarabu nilikuwa nimekipata shuleni na kwa wajukuu zake, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa baba katika nchi ile. "Mwambie muhandis," alisema, akimpa baba cheo cha mhandisi, "ekseli itoke nzima, kama ndugu yangu alivyoitia. Akiweza, msimamizi wa gereji yangu anarudi kwao mwezi huu. Nitamwandika yeye mahali pake, kwa karatasi halali." Nilitafsiri. Baba alijifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi, akasema nimjibu kwamba ameelewa.

Hakugusa nyundo. Siku nzima alichuchumaa akiitazama ile ekseli. Kiangazi cha Doha kina vituko vyake: maji ya bomba yanayoitwa ya baridi hutoka yakichoma, kwa kuwa tangi liko juu ya paa, hivyo watu huzima hita ya bafuni na kuoga maji ya hita, ambayo yamekaa ndani na kupoa. Baba alilicheka jambo hilo tangu alipofika. Sasa akalifikiria kama fundi. Nje chuma kinavimba, ndani kinasinyaa. Kikivimba na kusinyaa kila siku, kutu itapasuka nyufa, na oili itaingia kwenye nyufa hizo. Ndiyo sababu pikipiki ilikuja kulala nasi.

"Baba Chebet, hiyo kitu italala wapi?" mama aliuliza siku ya kwanza, bado amevaa sare ya kazi.

"Hapa tu, karibu na friji. Ni ya siku chache."

"Na ikimwaga oili?"

"Nimeweka gazeti."

Mama alitazama gazeti, akatazama kapeti, kisha akaninong'oneza kwamba mwanaume akipata kazi mwache hata alete trekta. Tangu hapo tulikula chakula cha jioni tukiruka mguu wa kuegeshea.

Kila asubuhi baba aliisukuma hadi katikati ya ua, akaiacha jua liipike katika zile saa ambazo hata vibarua wa majengo huamriwa kuingia kivulini. Jioni aliidondoshea oili kwa bomba la sindano ambalo mama alimpa, akaiingiza ndani. Kabla ya kuiingiza aligonga mara tano tu, si zaidi, akitanguliza kipande cha shaba kati ya nyundo na ekseli. Na kila mara, kabla ya kugonga, alirudisha nati kwenye ncha na kuikaza mpaka ikalingana nayo. Alinieleza sababu huku akinionyesha kwa kucha: kwenye ncha ya ekseli kuna meno ambayo nati huyang'ata, na ukiyapiga yakiwa uchi yanalala, ncha inapanuka kama mswaki wa mti, na ekseli haitapita tena kwenye tundu lake. "Bandubandu huisha gogo," alisema. Mimi nilihesabu siku. Gogo lilikuwa palepale. Jumatano ilipita, Ijumaa ikapita, Jumapili ikapita, na kila jioni mapigo yale matano yalitoa sauti ileile ya chuma kilichoshiba. Mama aliacha kuuliza. Begi la baba likatolewa juu ya kabati, likawekwa karibu na mlango, tupu, na kila nilipopita nililipiga teke.

Jumanne ya wiki ya mwisho mama alikuwa kazini na baba akatoka adhuhuri kwenda dukani kununua oili nyingine. Nilibaki na pikipiki uani. Jua lilikuwa limeikamata hata sikuweza kuigusa. Nati ilikuwa juu ya kitambaa, baba aliiondoa ili oili iingie vizuri. Nikajiambia kwamba baba ni mpole mno, kwamba kinachotakiwa ni pigo moja la mtu mwenye hasira, na mimi hasira nilikuwa nazo za kugawa. Nikaifunga mikono taulo, nikapiga magoti, nikaishika ile nyundo kubwa kwa mikono miwili. Sikukumbuka nati. Au nilikumbuka nikaona itanichelewesha. Mpaka leo sina hakika. Nilipiga, nikapiga, mara nyingine nikaikosa ekseli na kubandua rangi ya fremu. Niliposimama kuvuta pumzi nikaona ile ncha imechanua.

Baba alirudi akanikuta na nyundo mkononi. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilitamani anichape, kichapo kina mwisho. Alichuchumaa, akapapasa ncha kwa kidole gumba, akajaribu nati, ikakataa kuingia. "Leta tupa," akasema. "Ile ndogo." Ikawa hivyo Jumanne hiyo na Jumatano yote: baba akiinoa ncha ya ekseli kwa tupa, unywele kwa unywele, mpaka ikarudi kuwa nyembamba ya kupita tunduni, ingawa meno ya mwanzo yalikwisha kabisa. Hakunisemesha vibaya. Hakunisemesha vizuri pia.

Alhamisi alasiri, baada ya pikipiki kukaa juani tangu alfajiri, alipiga pigo la tatu na sauti ikabadilika. Ilikuwa nzito ikawa nyepesi. Baba alitulia, akanitazama, akapiga tena, na ekseli ikasogea kiasi cha unene wa sarafu. Nilipiga kelele. Tukaitoa polepole, yeye akigonga na mimi nikizungusha kichwa chake kwa spana upande wa pili, vumbi jekundu likimwagika mapajani mwangu, mpaka ikatoka yote na gurudumu likaanguka mikononi mwa baba. Alilikumbatia. Alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka. Begi bado lilikuwa tupu, na kwa nusu saa niliamini litabaki hivyo.

Bu Rashid alikuja kabla ya magharibi. Alitazama gurudumu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema "mashallah, muhandis." Kisha akaiokota ekseli na kupitisha dole gumba kwenye ile ncha iliyonolewa. Akainama kwenye fremu, akaziangalia zile alama ndogo kwenye rangi. "Nani amepiga hapa?" aliuliza. Nikamtafsiria baba.

Baba hakunitazama. "Mwambie ni mimi. Mwambie nilikuwa na haraka."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilibidi ipite kinywani mwangu, na kwangu ilikuwa ndefu. "Anasema ni yeye," nikasema kwa Kiarabu. "Alikuwa na haraka."

Mzee aliinuka kutoka kwenye fremu. Akanitazama mimi, akauliza tena, polepole, neno baada ya neno: "Nani amepiga hapa?" Nilidhani hakunisikia. Nikamgeukia baba, nikatafsiri upya. Baba akajibu lile lile, nami nikalirudisha lile lile. Bu Rashid akaiweka ekseli juu ya kiti cha pikipiki kwa uangalifu mkubwa. Alishukuru kwa kazi, akamwombea baba safari njema, akaondoka. Hakumwita muhandis. Baba aliniuliza, "Amesema nini?" nami ilinibidi nitafsiri na hilo.

Kesho yake baba aliondoka. Tangu siku ile nimemwona baba Desemba baada ya Desemba, wiki tatu tatu, nikikua mbele yake kwa vipande. Alifungua gereji yake Nakuru, ikashika. Nilimaliza shule hapa, nikaenda chuo nyumbani, nikarudi Doha kwa kazi ya ofisi, na sasa nakaa Al Wukair katika nyumba yenye chumba cha wageni ambacho baba amekilalia mara moja tu. Analalamika kwamba viti vya ndege vinamuumiza kiuno. Mama amestaafu na yuko naye. Watoto wa siku hizi naona wanaulizwa maoni yao hata kuhusu rangi ya mapazia. Sisi tulifundishwa kwamba mtoto hasemi wakubwa wakisema, na mimi nilikuwa mtoto pekee aliyelazimika kusema, kwa maneno ya wengine. Nimeishi na baba kidogo kuliko nilivyoishi bila yeye. Hesabu hiyo huwa inaniuma.

Mwaka huu niliamua kwenda Muaither. Bu Rashid sasa anatembelea fimbo, na macho yamefifia, lakini aliponisikia alinijua. Niliketi mbele yake kwenye majlisi, sebule yake ya wageni, nikakataa kahawa ya kwanza kwa woga, nikasema: "Ammi, ile ekseli niliipiga mimi. Si baba." Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka, na ilichukua muda mfupi kuliko kumeza tende.

"Najua," alisema. "Zilikuwa alama za mkono mwepesi, na zilitoka chini kwenda juu. Baba yako angesimama, angepiga mara moja." Akazungusha kikombe chake. "Gereji yangu ilikuwa imejaa watu wanaonidanganya kuhusu vyuma. Sikutaka msimamizi wa namna hiyo. Meno ya ekseli yanachongwa mengine, hayo hayakunisumbua. Nilitaka mmoja wenu aseme tu." Kisha akasema jambo ambalo silali nalo vizuri. "Mara ya kwanza nilimwuliza baba yako. Mara ya pili nilikuuliza wewe." Aliongeza kwamba nilikuwa mtoto, kwamba alikuwa mkali na ukali ule ameuzeekea. Nilimshika mkono. Nililia kwenye gari mpaka kioo kikafanya ukungu.

Baba haijui habari hiyo. Kwa miaka yote anawaambia wanagenzi wake kwamba alipoteza kazi ya Doha kwa sababu ya meno manne ya ekseli, na anapofika hapo huwa anacheka, akisema ajali kazini. Hajawahi kulitaja jina langu. Yeye anaamini kwamba chuma kilimwangusha, na kwamba yeye alimkinga mwanawe. Hajui kwamba ule ukingaji wenyewe ndio uliofunga mlango. Jumapili iliyopita nilimpigia simu kama kawaida. Akaniuliza joto limefikia wapi, akaniuliza kama ninakula, nikateleza nikamwambia nimepita Muaither kumsalimu yule mzee.

"Bado yuko hai! Alikukumbuka?"

"Alinikumbuka, baba."

"Alisema nini?"

Nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake, na mtu akiuliza spana iko wapi. Nilikuwa na Kiswahili chote nilichohitaji.

"Anasema anakusalimia sana," nikamwambia.