Priska na Pipa la Mlowo

Kijiji kizima cha Ihanda kiliijua komoni ya Priska, pombe ya kimea. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mwenye mikono mipana na ulimi mkali, na mlevi aliyeleta fujo kilabuni kwake alitolewa kwa ukosi. Desturi ya huko ni kwamba mpika pombe hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wateja, wajue haina sumu. Priska alifanya hivyo miaka ishirini, kisha akaokoka. Kupika hakuacha, maana wokovu haujazi sufuria. Alichoacha ni kuonja. Wanywaji walimcheka, wakanywa hivyohivyo.

Jumamosi moja mchana, wanaume watatu walianguka wakitokwa povu. Wawili walikufa hapohapo. Mmoja wao alikuwa mdogo wa mwanakijiji aitwaye Boazi, na Boazi huyo hakungoja polisi. Alikuja na watu kama thelathini wenye marungu na mipini ya majembe, wakamburuta Priska kwa nywele hadi nje.

"Nani kakupa sumu?"

"Sijui sumu, jamani! Naapa mbele za Mungu!"

Boazi aliulaza mkono wa Priska juu ya jiwe, akaupiga kwa mpini. Kidole kikavunjika. Wakamuuliza tena, kikavunjika cha pili. Wengine walishangilia, watu wale wale waliokuwa wakimwita mama jana yake. Kundi lenye hasira lina miguu tu, kichwa halina! Kwenye kidole cha tatu Priska alipiga yowe la jina la kwanza lililomjia, la mtu aliyemsagia kimea wiki ile.

"Goodness!"

Goodness alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walimkuta akianua nguo. Walimpiga mawe mpaka uso haukutambulika, wakaichoma nyumba, na mama yake, bibi Jenista, akashikwa mikono atazame.

Boazi alitoroka nchi kupitia mpaka wa Tunduma siku hiyohiyo. Priska aliokotwa hai, akawekwa rumande kwa kesi ya mauaji. Komoni na pipa lake vikapelekwa maabara. Kitanzi alikiogopa, lakini kilichomla usiku na mchana ni kwamba Goodness alizikwa bila wimbo, kama muuaji. Jenista aliamini jina lile lilizuliwa na Boazi. Priska alitaka binti yule asafishwe, hata kama yeye atanyongwa.

Siku ya ushahidi alisimama mtaalamu wa maabara, Watson, kijana mpole mwenye miwani.

"Tuligeuza ile pombe kuwa mvuke," alisema. "Tukaipiga kwa chembe za umeme mpaka ikavunjika vipande, kila kipande kikabaki na chaji. Kisha tukavirusha vipite penye sumaku. Chepesi hupinda sana, kizito hupinda kidogo, kwa hiyo kila kimoja huangukia mahali pake kulingana na uzito. Tukisoma uzito wa vipande, tunajua kitu kizima kilikuwa nini."

Priska alielewa haraka kuliko mawakili. Ukipepeta mahindi, pumba huenda mbali na punje huanguka karibu, na upepo haumpendelei mtu.

"Na mlikuta nini?" jaji aliuliza.

"Dawa ya wadudu wa kahawa, mheshimiwa. Vipande vilevile tulivikuta ndani ya plastiki ya pipa. Hakuna aliyetia sumu."

Pipa lile Priska alikuwa amelinunua sokoni Mlowo wiki ile ya msiba, likiwa limeshatumika, bila kujua lilibeba nini. Alilisugua kwa majivu mara tatu. Jaji akamwachia huru, naye akalia kwa sauti, kwa furaha na kwa aibu.

Kwenye baraza ya mahakama Jenista alimzuia Watson.

"Mwanangu, hiyo sumu mkiivunja tena kesho, haitasema lingine?"

"Hapana, bibi. Ukiivunja mara mia, vipande ni vilevile."

"Na mtu je, akivunjwa?"

Priska alipiga magoti palepale kwenye saruji.

"Mtu husema lolote, mama. Boazi hakulizua lile jina. Nililitaja mimi, ili wasinivunje kidole cha nne."

Jenista alimpiga kofi lililomwangusha. Kisha akaketi chini kando yake.

"Ungenitaja mimi," alisema. "Nilikuwa naye nyumba ileile, na nimeshazeeka."