Ukuta wa Nurjehan

Nurjehan ni mke wa mwanangu Muhiddin. Kazaliwa hapa hapa London, Queensbury, juu ya duka la baba yake aliyekuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi. Wazee wake walimsemesha Kiswahili, naye akiwajibu Kiingereza. Kiswahili chake amekipata jikoni kwangu, kwa marehemu mke wangu. Ndiyo maana ni kizuri. Jioni anafanya kazi duka la dawa. Asubuhi anasomesha.

Mwanafunzi wake mmoja tu, bintiye Zuwena, wa miaka tisa. Alimtoa skuli mwaka jana, na ukoo mzima ukapiga kelele kama kuku walioona mwewe. Skuli ya bure, ya Kizungu, mtu anamtoa mtoto!

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Darasani walisoma habari za biashara ya watumwa. Mtoto mmoja akamnyooshea kidole Zuwena: nyinyi Waarabu wa Zanzibar ndio mliokuwa mkiuza watu. Zuwena akamuuliza mwalimu kama ni kweli. Mwalimu akasema hilo halimo kwenye somo la leo. Tangu hapo wenzake wakamwita muuza watu, kila siku, mpaka akawa hatoi sauti. Mama yake alikwenda kulalamika. Akaambiwa watoto ni watoto. Jibu la mtu aliyechoka kulipwa mshahara.

Watu wetu wakadhani Nurjehan kamtoa mtoto ili asisikie mabaya. Wajinga. Alimtoa ayasikie yote: waliouzwa na waliouza, na ile Januari ya sitini na nne, waliouawa na waliofurahi, na kwa nini walifurahi.

Sasa vitabu. Maktaba ina rafu nzima ya wafalme wa Kiingereza na wake zao. Kuhusu Unguja tulikuta kitabu kimoja cha watalii, kina picha ya mlango. Kwenye mtandao kila mwandishi analilia upande wake. Basi Nurjehan akampeleka mtoto Edgware Road, kwenye mkahawa wanaposhinda wazee wetu. Nikafuatana nao. Mzee mmoja akasema jumba la baba yake lilikuwa la ghorofa tatu. Wa pili kusikia hivyo, la baba yake likapata ya nne. Zuwena anaandika tu.

"Waongo hawa," nikamwambia Nurjehan njiani.

"Najua, baba. Na mtoto naye ajue watu wanaongopa vipi."

Nyumbani alibandika karatasi ndefu sebuleni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, imeandikwa miaka. Chini ya kila mwaka Zuwena anaandika lililotokea na nani kalisema. Lisilo na hakika analiandika kwa wino mwekundu. Nyekundu ilikuwa nyingi.

Kaunsili, serikali ya mtaa, wakaandika kwamba afisa atakuja kuona mtoto anasoma nini. Asiporidhika, wanaweza kuamuru arudi skuli. Zuwena alisikia. Usiku ule hakula.

Siku ya afisa, mwenzake Nurjehan wa duka la dawa aliumwa, Nurjehan akaitwa kazini asubuhi. Akaniambia atawahi kurudi. Alipotoka tu akaingia Bi Ghanima, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, kutoka Rayners Lane. Hakuitwa. Amekuja kusaidia.

Akautazama ukuta. "Shemeji, mtu wa serikali anakuja, mnamkaribisha kwenye kilinge cha mganga?"

"Liache hilo, Bi Ghanima."

"Mgeni haonyeshwi fujo!"

Akaibandua karatasi, akaikunja, akaisukuma chini ya kitanda. Vitabu kabatini. Akafukiza udi, akatandika vitambaa vyake vya kushona juu ya makochi, akapanga sambusa na haluwa. Akamtia Zuwena jikoni atengeneze chai, maana mtoto hakai na wageni. Kaunsili wanakuja kumtazama mtoto, yeye anamficha mtoto. Ungedhani wanakuja kuposa.

Afisa akaja, kijana wa Kiingereza, jina lake Tom. Udi ukamkohoza. Akautazama ukuta mtupu.

"Mtoto anasomea wapi?"

"Kula kwanza," Bi Ghanima akamwambia.

Nurjehan akaingia na koti lake. Akaona ukuta, akamwona Tom na sambusa mkononi. Kwetu hugombi na mkubwa mbele ya mgeni. Uso tu ndio ulioshuka.

Bi Ghanima akaona uwanja ni wake. Akaanza, kwa Kiingereza, habari za Unguja: nyumba ya baba yake, bustani, watumishi. "Hatukuwa na ubaguzi. Walikuwa kama ndugu zetu."

Zuwena alikuwa kafika mlangoni na sinia ya chai.

"Bibi, majina yao nani?"

"Majina ya nani?"

"Hao ndugu zako. Watumishi."

Bi Ghanima akacheka. "Zamani hizo, mwanangu!"

"Wakilala wapi? Walikuwa wakilipwa?"

"Nurjehan, mtoto wako hana adabu."

"Mjibu, mama mkubwa," akasema Nurjehan. "Yuko darasani."

Bi Ghanima hakuwa na jina hata moja. Mke wangu angewataja wote, kisha angecheka mpaka ashike ubavu. Niligeuka upande wa kochi aliokuwa akikaa marehemu. Pana kitambaa cha kushona tu.

Tom aliweka sambusa chini, akaomba kuona kazi nyingine. Nurjehan akaivuta karatasi kutoka chini ya kitanda, wakaitandaza sakafuni. Mzungu akapiga magoti, Zuwena akimsomesha. Chai ikapoa.

Jibu lilikuja kwa posta: ameridhika, mtoto asome nyumbani.

Karatasi imerudi ukutani. Chini ya sitini na nne Zuwena kaongeza: watumishi wa kwao Bibi Ghanima, majina hayajulikani, aliyeulizwa ni mwenyewe. Bi Ghanima anapiga simu kila wiki anataka lifutwe.

"Alete majina," anasema Nurjehan, "nitalifuta."