Siku Baba Aliponyoosha Bawa la Mtihani

Kisa hiki siwezi kukisimulia nikiwa na chai mdomoni. Nilijaribu mara moja kwa shemeji zangu, tukaishia kupangusa meza.

Baba yangu ni fundi wa bodi za magari hapa Nakuru. Gari likigongwa kwenye barabara ya Njoro linaletwa kwake limekunjamana, na siku ya kulichukua mwenyewe analizunguka akitafuta palipoumia, asipaone. Kwa baba, bati lililobonyea ni tusi. Hata sufuria ya mama hawezi kuipita jikoni bila kuigeuza na kuigonga kidogo. Nilipoenda kusomea kazi ya kutengeneza bodi za ndege, aliwaambia majirani kwamba nimerithi gereji, tofauti ni mabawa tu.

Wapi! Kwanza ni chuo. Ukitoka chuo unaingia karakana, na yetu iko kando ya kiwanja kidogo cha ndege upande wa Naivasha. Hapo unapiga ribiti, vile vipini vya kuungia bati, miaka na miaka chini ya injinia mwenye leseni. Kila kiraka unachoweka anakikagua yeye, na sahihi ni yake. Uwe hodari namna gani, bila leseni ndege haipai kwa neno lako. Halafu kuna mitihani ya kuandika, na mwisho kabisa mtahini anakuja kukuuliza maswali ana kwa ana na kukutazama ukifanya kazi. Mimi nilikuwa nimefika hapo mwisho, na jamani, nilikuwa nimechoka kuazima sahihi ya mtu. Isitoshe, injinia wetu alikuwa anastaafu. Nikianguka, angeletwa mgeni asiyenijua na ningeanza upya kujieleza.

Baba alishikilia kunipeleka kwa pikapu yake. Nikamwambia abaki garini, akasema sawa. Baba akisema sawa haraka hivyo, ujue hajasikia.

Mtahini alikuwa mzee mpole aliyezungumza kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Alikuja na kipande cha bawa kuukuu lisilo na rangi, akaomba kiwekwe nyuma ya karakana penye kivuli, kisha akaniita ndani kwa maswali. Kipande kile kilikuwa kimebonyea mahali pamoja, kidogo tu, na huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu kubonyea kadiri ile. Fundi wa kweli anapima, anatafuta ufa, akiukosa anaandika alichokiona, basi, anaacha palivyo. Ukiligonga bati la ndege lirudi mahali pake linavutika, linakuwa gumu, na karibu na ribiti linaweza kupasuka.

Ndani mambo yalienda vizuri hata nikaanza kujisikia. Huko nje nikasikia ko, ko, ko. Nikadhani kuna mtu anatengeneza paa. Ko, ko, taratibu, kwa upole, mlio ninaoujua tangu nibebwe mgongoni, na bado sikushtuka. Nani angewaza kitu kama hicho?

Tulipotoka, baba alikuwa amesimama kando ya bawa akipangusa mikono, nyundo ya mpira ikichungulia mfukoni mwa ovaroli. Bati limenyooka tuu.

"Boss," akamwambia mtahini, "hii wamekuletea ikiwa imebonyea. Nimekusaidia. Usijali malipo."

Mtahini akalitazama bawa, akamtazama baba. Swali lake lote lilikuwa limenyooshwa. Nikaiona leseni ikienda zake, na wakati huohuo kicheko kikaanza kunipanda kutoka magotini. Nikauma midomo yote miwili.

Mtahini hakufoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya, fundi," akaniambia. "Ndege imekufikia hivi. Aliyeitengeneza ndiye huyu hapa. Utaweka sahihi?"

Baba akanigeukia akitabasamu, akingoja sifa zake. Na kusema kweli, kazi ilikuwa safi. Nilipitisha kiganja nisione dalili yoyote. Mikono ile ndiyo ilinisomesha, na nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini ndege ina watu ndani. Nikachukua dawa nyekundu ya kutafutia nyufa nikalipaka bati, nikangoja iingie, nikaipangusa yote, kisha nikapuliza juu yake dawa nyeupe inayoifyonza ile nyekundu kutoka kwenye ufa. Tukasimama hapo tukitazama bati jeupe. Nilikuwa naomba Mungu lisionyeshe kitu. Polepole, kutoka penye ribiti moja, ukatokea mstari mwekundu mwembamba kama uzi.

"Siweki sahihi," nikasema. "Hii haipai. Hapa panakatwa, panatiwa kiraka. Pole, Baba."

Baba akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa bati.

"Huo ufa ni mimi?"

"Ni wewe."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza baba yangu mbele ya watu. Kumbe anacheka. Alicheka akashika magoti, na mimi nikashindwa kabisa kujizuia, nikaketi chini kwenye majani na sare yangu safi. Mtahini alijifanya anaangalia mawingu, lakini masharubu yalikuwa yakimcheza.

Alipotutuliza aliniamuru nikate na kutia kiraka, na baba akakalishwa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, marufuku kugusa chochote. Nilipiga ribiti zile kwa furaha nisiyojua ilitoka wapi. Jioni mtahini alizipitia zote kwa kioo chake, akanipa mkono, akasema nimepita na leseni itafuata.

Njiani kurudi hatukuweza kuzungumza. Mmoja akijaribu, mwingine anaangua kicheko. Tulipofika Gilgil baba aliegesha pikapu kando ya barabara kwa sababu machozi hayakumwacha aone mbele. Hapo ndipo mama alipopiga simu. Baba akaninyang'anya kabla sijasema halo.

"Amepita," akamwambia mama. "Mimi ndiye nimeanguka."