Stendi ya Baba Kasuku

Nyumbani kwa dada yangu hatuagani kama watu wengine. Mtu akitoka anaambiwa "Stendi," naye anajibu "Stendi," basi, kaenda. Hata mimi, niliyekuja kukaa siku chache nikaota mizizi chumba cha mbele na cherehani yangu, nikienda kununua uzi naambiwa stendi, na sina hata baiskeli.

Neno lilianza kwa hofu. Shemeji yangu, Baba Kasuku, anasambaza mikate kwa pikipiki, na mwenzake wa kazini aliwahi kuondoka bila kukunja stendi ya pembeni, kile chuma cha kuegeshea. Alipolala kushoto kukata kona, kile chuma kikachomeka kwenye lami, kikamrusha. Hakuamka tena. Baba Kasuku ndiye aliyeokota kreti zake barabarani. Toka hapo akamwomba dada amkumbushe kila asubuhi, na dada, ambaye kwa uoga hana mpinzani, akakumbusha asubuhi, mchana, hata mtu akielekea bafuni. Miaka ikapita, neno likachakaa. Likawa kwaheri tu.

Stendi yenyewe nayo ikachakaa. Springi yake ilijaa kutu na matope, ikawa inavuta kwa kusuasua. Baba Kasuku akawa anaimiminia oili chafu juu juu, vumbi likanata, ikazidi kuwa nzito.

"Itoe hiyo springi uisafishe," dada alimwambia.

"Nitaitoa."

Hakuitoa. Springi ya namna hiyo iliwahi kumponyoka ikampasua nyusi, na kovu lipo mpaka leo, juu kidogo tu ya jicho. Mwanamume anayepenya katikati ya malori na shehena ya mikate mgongoni, ukimtajia springi anakumbuka ana shughuli mahali. Nilimcheka sana. Siku hizi simcheki.

Asubuhi moja alimpakia binti yake, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Kasuku, ili amshushe shuleni. Akaipiga stendi teke, ikapanda, wakaondoka. Pikipiki iliporuka tuta la mbele ya geti, nikaona kupitia dirishani stendi ikishuka taratibu, ikaning'inia karibu kugusa ardhi. Dada alikuwa mlangoni. Naye aliiona.

"Stendi!"

Baba Kasuku akainua mkono bila kugeuka. "Stendi, mama."

"Baba Kasuku, stendi! Stendi!"

"Stendi, mama!" Kasuku naye akaitikia, anapunga mkono.

Dada akatoka mbio, peku, na mimi nyuma yake na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Muuza mkaa wa jirani, anayetujua na mambo yetu, akatabasamu. "Stendi, Mama Kasuku." Nilitamani kumzaba kofi. Mbele kulikuwa na kona ya kushoto, pale kwenye duka la saruji na mabati, na barabara haina njia nyingine. Nilitafuta neno jingine lolote la kusema nikalikosa. Lilikuwa limebaki hilo hilo moja, na halikufaa kitu.

Ndipo dada akamwita kwa jina lake.

Jina lenyewe, alilopewa na wazazi wake. Sikuwahi kumsikia akilitamka tangu aolewe. Kwake yule ni Baba Kasuku asubuhi na jioni, na kabla mtoto hajazaliwa alikuwa "wewe bwana." Lilimtoka kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi. Breki zikalia, pikipiki ikasimama katikati ya njia, pua yake imeshaanza kugeukia kona.

Baba Kasuku aligeuka, uso umempauka. "Nani amekufa?"

Dada akaonyesha chini kwa kidole. Shemeji alipoiona ile stendi, alimshusha mtoto kwanza, akamshika mkono, na hakumwachia mpaka nyumbani. Pikipiki tuliisukuma mimi na muuza mkaa.

Hakwenda kazini. Alikaa kibarazani na vifaa vyake, amevaa helmeti, kioo kimeshushwa usoni.

"Safari ya wapi hiyo, jirani, na hujapanda kitu?" muuza mkaa akauliza. Hakuna aliyecheka.

Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaishusha ile ya pembeni, springi ikavutika na pingili zake zikaachana. Kwenye nafasi hizo akachomeka washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, kimoja kimoja, ili springi ishindwe kujifunga. Kisha akainua stendi. Springi ikabaki ndefu, imelegea kwenye ndoano zake. Tukaifunika kwa vipande vya jinzi kutoka kwenye mabaki yangu ya vitambaa, endapo ingeruka. Akaingiza bisibisi.

"Shemeji, rudi nyuma."

"Nimerudi." Sikuwa nimerudi.

Springi ikatoka bila kelele. Akaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, akafungua bolti ya stendi akaisugua, akapaka grisi humo na kwenye ndoano. Akairudisha springi na washa zake. Aliposhusha stendi, washa zikaanza kudondoka sakafuni, na kila moja ilimshtua dada.

"Ungenifokea tu," shemeji akamwambia, anavua helmeti.

"Nilikufokea. Ukaniambia stendi."

Akaokota washa zilizodondoka. Baadaye akauliza, "Na lile jina?"

"Nimelirudisha mahali pake. Ukilisikia tena, simama."

Asubuhi iliyofuata dada alichuchumaa mwenyewe, akaikunja stendi. Ikapanda kwa mlio mmoja mkavu. Akaivuta kwa mkono, ikarudi juu. Akafungua mdomo kuaga, neno halikutoka. Hata Kasuku, kule nyuma ya baba yake, alipunga mkono tu, wakaondoka.

Tulisimama getini tukisikiliza. Kwenye kona mlio wa injini ukashuka, nikamshika dada mkono, kisha ukapanda tena upande wa pili, ukaenda zake. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa analitamka lile jina, kwa sauti ya chini sana, asije akalichakaza.