Ubao wa Mheshimiwa

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa kwenye foleni ya eksirei hospitalini Kajiado, mkono umevimba, mwanamke mmoja wa Bisil alipoingia amekumbatia ubao mpana. Ulikuwa umechorwa sura ya mbunge wetu, meno yote nje.

"Daktari, mgonjwa si mimi," akamwambia mpiga eksirei. "Chini ya huyu kuna mama yangu, marehemu. Alichorwa na fundi wa mabango kule Kitengela, na hatuko na picha ingine. Wakati wa kampeni ndugu yangu akatoa ubao, wakapaka huyu juu yake. Nikikwaruza, nitamkwaruza na mama."

Mpiga eksirei alianza kucheka. Alipoyaona macho ya yule mwanamke, akauchukua ubao.

Baadaye aliinua filamu dirishani. Tuliona misumari, kisha vitone vyeupe, safu juu ya safu, vimezunguka shingo isiyo na uso.

"Rangi nyeupe ya zamani ilikuwa na madini ya risasi. Ndiyo inaonekana."

"Ni shanga zake," mwanamke akasema, akizifuata kwa kidole. "Na mheshimiwa ako wapi?"

"Hayuko. Rangi yake ni ya maji tu. Eksirei inampita kama hewa."

Mwanamke akaificha filamu ndani ya shuka lake. "Mama sasa niko naye hapa. Miaka yote hiyo huyu amemkalia, na kumbe si kitu."

Akaenda zake. Ubao aliuacha sakafuni, umetukodolea macho. Hakuna aliyecheka. Wengi wetu kwenye foleni ile tulikuwa tumempigia mheshimiwa kura mara mbili.