Aliyeomba Picha Ngoma Ikilia

Mwaka ule ndovu walikula mahindi yetu, sisi tukala papai bichi. Papai la kuchemsha asubuhi, la kukaanga mchana, na jioni ukitaka kubadilisha ladha, unalala. Mwulize mtu yeyote wa Mbololo kuhusu mwaka wa papai, atashika tumbo kwanza ndipo akujibu. Kwa hiyo usiniambie niliota. Mtu aliyeshiba papai bichi haoti, analala kama gogo. Haya ninayoandika yalinipata mchana, ndani ya ukumbi mjini Voi, watu wamejaa na mimi nina akili zangu zote. Natamani yangekuwa uongo. Uongo una aibu ndogo kuliko hii.

Shule niliishia darasa la tatu, nikikosea mahali mnivumilie. Lakini nimezaa watoto saba na hakuna aliyelala njaa, hata mwaka huo wa papai. Kitindamimba wangu ni Mghoi. Yuko Uarabuni, analea watoto wa wenyewe, na wa kwake, Wakesho, aliniachia mimi kabla hajang'oa meno ya utoto. Sasa Wakesho ni msichana mrefu kunizidi. Mama na mtoto wanaonana kwa simu, tena siku mtandao ukipenda. Ndiyo maana Mghoi alinitumia simu yenye kamera, akaniambia, "Mama, hii ni yako. Usimpe mtu." Kumbukeni hilo neno. Hii ni yako.

Basi shule ya Wakesho ikaita wazazi, watoto wacheze mwazindika jukwaani. Kwa wasio wa kwetu, mwazindika ni ngoma ya pepo. Zamani mwanamke akishikwa, ngoma kubwa zinaletwa, zinapigwa mpaka pepo aseme anataka nini. Kitambaa, shanga, sukari, chochote. Akishasema, apewe. Haambiwi kesho, hamwendi pembeni kushauriana. Apewe ngoma ikiwa bado inalia. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Siku hizi watoto wanaicheza wapate kombe, na sisi watu wa kanisa tunapiga makofi tunasema ni utamaduni.

Wakesho alichaguliwa acheze mbele, yeye ndiye wa kushikwa. Mghoi aliposikia akanipigia.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Nipigie picha ya Wakesho akicheza. Moja tu. Sitaki amesimama wima kama wa kitambulisho. Akicheza! Nione vile amekuwa."

"Moja? Nitakupigia mpaka simu iombe maji."

Mdomo wangu huo. Mungu anisamehe.

Siku hiyo nilifunga kilemba changu kikubwa, kile cha harusi, nikaenda kukaa mstari wa mbele kabisa. Kiti cha pembeni nikakiwekea kikapu na leso juu yake, nimshikie jirani yangu Mama Saru. Akachelewa. Alipofika mimi nilikuwa nimeshanogewa na kiti, nikamwonyesha nyuma.

"Nyanya Wakesho," akasema, na watu wanasikia, "hicho kilemba umekuja kuezekea ukumbi?"

"Kaa hapo nyuma ujifunze. Huku mbele kuna wenyewe."

Walimu wakaziba madirisha kwa karatasi nyeusi, wakawasha taa moja tu upande wa kushoto, ifanane na usiku wa zamani. Mwalimu akatangaza, wenye simu wasiwashe mwanga wa kamera, utawapiga watoto machoni waanguke kutoka jukwaani. Wa simu yangu, Wakesho alikuwa ameshauzima nyumbani. Nikajiona fundi.

Ngoma zikaanza. Mjukuu wangu akatoka gizani na shanga kifuani, na kwa kweli nilisahau nina simu. Nilipokumbuka, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikaangalia. Moshi! Wakesho ana mikono minane na uso hana. Nyingine miguu tu, imefutika kama chaki iliyopitiwa na mkono. Nyingine ni kidole changu, hicho kimetoka vizuri sana. Jasho likanitoka. Ngoma inakwenda, haitarudiwa, na mtoto wangu kule mbali anangoja picha moja.

"Unafuata miguu," mtu akasema.

Pembeni yangu, kwenye kile kiti, alikuwa amekaa mwanamke mzee. Mzee kunizidi. Amejifunga kaniki iliyochakaa, miguu mitupu, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Alinuka moshi wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Nilidhani amekishusha kikapu changu chini akakaa. Si ukumbi ni wa watu wote? Alisema lugha yetu, Kidawida kile cha zamani, cha nyanya yangu, ambacho sasa huwezi kukisikia hata huko Werugha.

"Miguu itakudanganya," akasema. "Fuata ngoma. Ile kubwa ikikohoa, anayecheza hushikwa pale pale, hatikisiki. Hapo ndipo."

"Na huu mkono wangu unaotetemeka?"

"Umewahi kukama mbuzi mkorofi? Bana viwiko mbavuni. Zuia pumzi. Na ungoje apite upande wa taa, giza halina la kukupa."

Nikabana viwiko. Nikazuia pumzi. Ngoma kubwa ikakohoa, kweli kama alivyosema, na Wakesho akasimama kichwa kimerudi nyuma, taa imemwagika shavuni. Nikabonyeza.

Niamini nikikwambia, ile picha niliiona kwa macho yangu. Shanga zimesimama hewani moja moja. Macho nusu yamefumba. Uso ni wa Mghoi alipokuwa na umri ule. Nilitaka kulia. Nikapiga nyingine, nayo safi. Nyingine tena. Kwa furaha nikamwonyesha yule mama, akaiinamia simu akaitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika polepole, sawasawa na ngoma. Mabega tu, mwili uliobaki umetulia.

Hapo ningepaswa kujua nimekaa na nani. Mimi, niliyezaliwa na mama aliyenifundisha, hapo ningepaswa kujua. Lakini macho yangu yalikuwa kwa mjukuu wangu na kwa ujanja wangu mwenyewe.

"Sasa na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Nipige picha. Wenzangu wote wana mahali nyuso zao zimebaki. Mimi sina."

Nikamtazama vizuri mara ya kwanza. Ile kaniki. Vile visigino. Nikafikiri, Mghoi atawaonyesha wenzake picha hizi, watauliza huyu mchafu naye ni nani wenu. Ndivyo nilivyofikiri, siwezi kulipaka jambo hilo asali. Mwanamke aliyenisaidia, nikamwonea aibu. Nikamwambia, "Simu si yangu, siwezi kukupiga picha."

Hakukasirika. Akasema kwa sauti ndogo, "Moja tu. Ngoma bado inalia."

Moja tu, kama Mghoi alivyoomba. Na mimi hata sikumgeukia. "Simu si yangu, siwezi kukupiga picha."

Akaligeukia jukwaa. Kisha akasema, "Basi, mwanangu. Nitaingia mwenyewe."

Ngoma zikakatika. Watu wakapiga makofi, walimu wakabandua karatasi, mwanga wa mchana ukaingia. Nikageuka. Kiti cha pembeni kilikuwa na kikapu changu, kimekaa pale pale nilipokiweka, na leso yangu juu yake haijakunjuka.

Nilijiambia ameondoka. Wazee wengine ni wepesi, sivyo? Nikarudi nyumbani nimebeba ile simu kama yai.

Jioni, papai likiwa jikoni, Wakesho akamtumia mama yake picha. Haikupita muda Mghoi akapiga, nikapokea nikicheka.

"Umeona? Umeona mtoto wako?"

"Mama," akasema, "huyu mwanamke mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Huyu anayecheza. Umenitumia picha zake tu. Wakesho yuko wapi?"

Nikamnyang'anya Wakesho simu. Jukwaa ni lile. Taa ni ile, upande wa kushoto. Watoto wengine wako nyuma, kila mmoja na uso wake. Lakini pale mbele, shanga zikiwa zimesimama hewani, kulikuwa na kaniki, na visigino vilivyopasuka, na yule mama kichwa kimerudi nyuma. Macho hakuyafumba. Alikuwa ananitazama mimi niliyeshika simu. Picha zote nzuri, ni yeye. Zilizobaki na Wakesho ni zile za moshi.

Mjukuu wangu akachungulia begani kwangu. "Nyanya," akaniuliza, "mimi niko wapi?"

Wewe ungemjibu nini?

Tukatafuta kwa wengine. Mwalimu alikuwa amewapiga picha mwisho wa ngoma, wamepangwa mstari kama nguzo za ua. Mama Saru alikuwa na video nzima, akaileta mwenyewe akiwa anacheka kabla hajabisha hodi. Ndani ya video ni kilemba changu. Kilemba mwanzo, kilemba mwisho, na pembeni yake kijisehemu cha jukwaa na mkono mmoja wa Wakesho. Halafu kilemba kinageukia kikapu. Naonekana nakiongelesha kikapu. Nakionyesha simu. Na sauti yangu inatoka kubwa kuliko ngoma, "Simu si yangu, siwezi kukupiga picha."

"Nyanya Wakesho," Mama Saru akasema machozi ya kicheko yakimtoka, "hata kikapu umekinyima?"

Video hiyo imetembea kunizidi. Imefika Marungu, imepanda milima. Sokoni watoto wakiniona wanaambiana, "Simu si yangu!" Na mimi niliyekuwa nikipita kichwa juu, sasa napita njia ya nyuma ya maduka. Hilo ningelimeza. Kicheko huchoka. Kisichochoka ni Mghoi, ambaye mpaka leo hajaona mtoto wake akicheza, na hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilirudi ule ukumbi peke yangu, nikamwambia bawabu nimesahau leso. Nikatafuta kile kiti, nikakipiga picha, nikasema kwa sauti, "Haya, mama, chukua." Ikatoka picha ya kiti. Ngoma ikishanyamaza, nani wa kupokea?

Nikajaribu kumpiga Wakesho picha hapa nyumbani, saa sita mchana, jua la kuchoma ngozi. Akasimama mlangoni akicheka. Kwenye simu akasimama yule mama, mlangoni kwangu. Wengine wakimpiga Wakesho, anatoka Wakesho. Nikimpiga mimi, kwa simu yoyote ile, anatoka yeye. Tena mwaka hadi mwaka anasogea karibu.

Najua dawa yake. Usifikiri sijui. Ni kuita ngoma zile kubwa, zipigwe tena mbele za watu, nisimame niseme: aliniomba sura yake, nikamnyima kwa sababu miguu yake ilikuwa michafu, na simu ilikuwa yangu. Halafu nimpige picha ngoma ikilia. Hayo tu. Lakini niyaseme mbele ya Mama Saru? Mbele ya kanisa? Kila Jumapili naapa nitasema, na kila Jumapili nafunga kilemba narudi nyumbani. Kuyaandika nimeweza. Kusimama sijaweza.

Wewe unayesoma, ukikaa kwenye giza la ukumbi na ngoma inalia, na mtu wa pembeni akakuomba umpige picha, mpige. Usimtazame miguu. Usimwulize ni wa nani. Haikugharimu kitu, ni kidole kimoja tu. Mpe kabla ngoma haijanyamaza, usije ukawa kama mimi.

Jana Wakesho alimaliza shule. Alikuja amevaa gauni jipya, nywele zimesukwa, mama yake yuko kwenye simu ya jirani anangoja. Akaninyooshea simu yangu, akarudi nyuma mpaka penye jua, akatengeneza kola.

"Nyanya, nipige. Moja tu, ya mama. Mwenyewe anataka upige wewe."

Nikaitazama ile simu mkononi mwangu. Nikamtazama mtoto, anavyongoja.

"Simu si yangu, siwezi kukupiga picha."