Kaseti ya Mzee Melkizedeki

Eliwaza alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Myamba, na kila mwaka baada ya mavuno alisaidia kuandaa mkutano wa wakulima. Haukuwa mkutano wa serikali. Watu walipanda na kushuka milima kwa miguu, wakaja na ndizi zao za kupika, na aliyejua jambo alisimama kuwaeleza wenzake kwa kujitolea tu.

Kilichomuudhi Eliwaza ni kwamba maneno yaliishia palepale. Waliobaki nyumbani na wagonjwa au watoto wachanga hawakupata kitu. Kwa hiyo kaka yake, kibarua wa mashamba ya mkonge, alipokuja likizo na kinasa sauti cha kaseti, Eliwaza hakukubali arudi nacho. Mwaka 1974 alikiweka mezani mbele ya wasemaji, akanasa kila kitu, vikohozi na vilio vya watoto vikiwemo.

Kisha akashuka nacho hadi Ndungu, kwa Mwanaidi, mkulima wa mpunga aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake na hakuweza kuondoka. Mwanaidi aliwaita majirani, wakasikiliza uani mchana kutwa. Penye jambo gumu walimwomba Eliwaza arudishe nyuma.

"Mkutanoni ningeona haya kumwambia mzee arudie," Mwanaidi alisema.

Waliyoyarudia zaidi yalikuwa maelezo ya Mzee Melkizedeki. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akiijua vizuri kazi ya ndiva, lile bwawa la kuchimbwa linalojazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani. Alieleza udongo wa kuziba ukuta unachimbwa wapi, unakanyagwa siku ngapi, unapakwa ukiwa na unyevu kiasi gani. Alisema kwa Kiswahili, na kilipomkwama akaingia kwenye Chasu, lugha ya Wapare.

Habari zikafika Same, makao makuu ya wilaya. Ofisa mmoja aitwaye Reginald alikuja na gari, akasifu kazi ile, akasema kaseti hizo ni mali ya taifa na zinastahili kabati lenye kufuli. Eliwaza alimpa zote saba, kila moja imeandikwa jina la msemaji.

Mzee Melkizedeki alifariki Februari 1976. Masika ya mwaka ule ikapasua ukuta wa ndiva. Vijana waliziba, maji yakatoka. Wakaziba tena, yakatoka. Eliwaza akapanda lori la alfajiri kwenda Same kuifuata kaseti.

Karani aliiweka kwenye mashine. Ukatoka muziki wa dansi. Eliwaza akaigeuza upande wa pili: muziki. Akaomba nyingine, na nyingine. Nne kati ya zile saba zilikuwa zimenasiwa muziki wa redioni, kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mkubwa mmoja aliyehamishwa. Kwenye rafu ya juu hotuba za viongozi waliowahi kupita wilayani zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, hazijaguswa.

Reginald hakuona haya. Alieleza taratibu, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba kaseti tupu zilikuwa zimeadimika madukani, na kwamba yale yalikuwa mazungumzo ya wakulima tu.

"Waite waseme tena, Ndugu Mwalimu. Mashine tutawaletea."

"Mzee Melkizedeki tumemzika mwezi wa pili," Eliwaza alisema. "Nenda kamwite wewe."

Akazikusanya kaseti zote, zilizoharibiwa na zilizopona, akazifunga kwenye kanga. Reginald alimwambia anachukua mali ya ofisi na kwamba atamwandikia barua. Eliwaza akamjibu aandike, na asisahau kutaja ni wimbo gani waliouweka juu ya sauti ya marehemu. Akatoka bila kuaga.

Barua ilikuja kweli, ikimtaka ajieleze. Alijieleza kurasa nne, akapeleka nakala kwa kila kiongozi aliyemjua. Hakuna aliyejibu. Mwaka uliofuata Reginald akapandishwa cheo.

Mwanaidi na majirani wawili walipanda kutoka Ndungu, kila mmoja akasema alichokumbuka. Mahali pa udongo walipakumbuka, na siku za kukanyaga. Suala la unyevu halikumkaa mtu kichwani. Ukuta ukasimama nusu, na familia za mwisho wa mfereji zikakosa maji. Mchungaji alimwambia Eliwaza amshukuru Mungu kwa hiyo nusu. Eliwaza hakushukuru. Maelezo yote alikuwa nayo mkononi mwake, akayatoa kwa mtu mwenye gari.

Tangu hapo alinasa kila mkutano mara mbili, na kila kaseti iliyojaa aliivunja vile vipande vidogo vya plastiki mgongoni, isiweze kunasiwa kitu kingine. Mwaka 1979 ofisa mgeni, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo na kuomba kuazima kaseti chache tu. Eliwaza aliitikia marahaba, akamwonyesha nafasi kwenye benchi, akamwambia asikilize hapohapo.